Nesi wa zahanati ni wifi yangu, nikapimie wapi?

"Shikamoo sista. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini upande wa Marangu. Mume wangu yuko Mererani kwenye machimbo, huu ni mwaka wa sita, anakuja Pasaka na Krismasi. Nilipima kliniki nikiwa na mimba ya huyu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka mitatu na nusu, wakaniambia niko salama. Juzi kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, walikuja watu wa afya kutufundisha habari za VVU, na mwisho wakasema anayetaka kupima aingie chumba cha pembeni. Tulikuwa wanawake ishirini na nane, hakuingia hata mmoja. Mimi nilitaka, nikaogopa kuulizwa nina nini. Zahanati yetu nesi ni wifi yangu. Nikimwambia mume tupime atasema nimetoka nje ya ndoa, au namshuku yeye. Je, kile kipimo cha kliniki hakitoshi? Nikapimie wapi pasipo na maneno? Na nikikutwa nao nitamwambiaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: wanawake ishirini na nane, hakuingia hata mmoja. Niruhusu nianzie hapo kabla ya maswali yako.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha na upimaji hapa Moshi kwa miaka kumi na tisa. Wageni wakija huwa wananiuliza kama wanawake wa vijijini wana uelewa kuhusu VVU. Wanao. Msimamishe mama yeyote anayeshusha ndizi pale soko la Mbuyuni, muulize virusi vinaambukizwa vipi, atakujibu bila kutua mkungu: ngono bila kinga, damu, mama kwenda kwa mtoto. Atakutajia ARV, zile dawa za VVU, atakutajia kondomu. Wenzako ishirini na saba wanajua yote hayo. Kilichowazuia ni kile chumba. Kiliwekwa pembeni ya mkutano, mlango wote wanauona, na anayeingia lazima atoke mbele ya watu wanaomjua mume wake, wanaojua anadaiwa kiasi gani kwenye kikundi na mama mkwe wake anasali jumuiya ipi. Akikaa dakika kumi watasema kapewa majibu mabaya. Akikaa nusu saa watasema analia. Akitoka anatabasamu watasema anajikaza. Hata asiye na kitu hatoki salama mle. Kwa hiyo usijilaumu kwamba uliogopa. Wenzangu walioandaa zoezi lile walikuja na vitendanishi na nia njema, ila hawakufikiria mlango.

Tena kijijini kupima kuna maneno yake. Ukisema unakwenda kupima unaulizwa, "Kwani umejishuku nini?" Mwanamke asiye na mume akipima, amekiri. Mwenye mume akipima, amefumania bila ushahidi. Na wapo wanaosema wazi kabisa, "Heri nisijue."

Hofu hii haikuzuka tu, na sipendi mtu aicheke. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Nilikuwa msichana mdogo shangazi yangu aliporudishwa nyumbani kutoka Dar es Salaam, amelazwa nyuma ya pikapu, amefunikwa blanketi mchana wa jua kali. Bibi alimtengea kikombe cha bati cha bluu. Kilikuwa kinatundikwa kwenye msumari nje ya jiko, hakiingii ndani kuoshwa na vingine. Alipofariki, kile kikombe kilibaki kwenye msumari miezi mingi, hakuna wa kukishika wala wa kukitupa. Tuliambiwa amekufa kwa nimonia. Wakati ule kupima kulikuwa kuambiwa kwamba unakufa, basi, dawa hakuna. Aliyesema "heri nisijue" alikuwa amepiga hesabu yake vizuri.

Ila ARV zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri augue. Leo ni kidonge kimoja kwa siku kwa watu wazima walio wengi. Hesabu ya bibi zetu imegeuka kabisa, anayechelewa kujua ndiye anayeumia, lakini maneno yetu hayajageuka. Mwaka 2011 watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mitishamba ya mzee mmoja, kile kikombe cha Babu, kwa shilingi 500, baadhi ya wagonjwa wetu waliacha dawa wakiamini wamepona. Wapo waliorudi kwetu wamebebwa. Nakutajia hili kwa sababu ukianza kuulizia habari za kupima, hutakosa jirani wa kukuambia kuna mzizi mahali, au kuna mchungaji mahali. Sali, dada yangu, hakuna anayekukataza. Ila usiache kipimo, wala usiache dawa kama itafika huko.

Sasa maswali yako. Kipimo cha kliniki hakitoshi.

Kilisema kweli, lakini kilisema habari za siku zile. Kipimo cha haraka hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani kile ambacho mwili unatengeneza kupambana na virusi. Mwili huchukua wiki kadhaa, kwa wachache hadi miezi mitatu, kabla kingamwili hazijatosha kuonekana. Ndiyo maana mjamzito hupimwa tena mimba ikiwa kubwa, asiachiwe na jibu la mwanzo peke yake. Tangu jibu lako lile, mume wako amekuja nyumbani mara saba au nane, na kipimo cha siku ile hakijui chochote kuhusu safari hizo. Sisemi ana kitu, simjui. Huenda na yeye kule Mererani usiku anajiuliza yaleyale kuhusu wewe. Nasema tu kwamba jibu lako limepitwa na wakati, kwako na kwake.

Kuna jambo la mtoto pia, ambalo kina mama wengi halijawahi kuwapitia akilini. Ulipimwa ukiwa mjamzito, ukawa salama, ukajifungua, ukanyonyesha. Hukuniambia uliachisha lini, lakini wengi wa huku huachisha mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili. Mama akipata maambukizi katika kipindi kile cha kunyonyesha, mtoto yuko hatarini sana, kwa sababu wiki za mwanzo za maambukizi mwili huwa na virusi vingi mno, na mama mwenyewe hajui, anaona mafua tu. Kwa hiyo wewe ukikutwa huna VVU, mtoto usimhangaikie. Ukikutwa navyo, yeye apimwe wiki hiyohiyo, hata kama anaruka na kucheza.

Halafu kuna hili la mume na kadi ya kliniki. Nimekutana na baba akaniambia kwa ujasiri kabisa, "Mimi nimeshapima, mke wangu alipima mwezi wa tatu." Alikuwa anaamini. Wako wengi kama yeye, wanatembea na jibu la mke kama vile ni la kwao. Lakini mume na mke wanaweza kuishi miaka, mmoja ana virusi na mwingine hana, kwa sababu si kila tendo linaambukiza. Jibu lako halimsemi yeye, na lake halikusemi wewe. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta watu wazima wenye VVU ni asilimia 4.4, wanawake 5.6 na wanaume 3.0. Na katika kila watu 100 wanaoishi na VVU, kama 83 ndio walikuwa wanajua hali zao. Wanawake tuna mlango wa kliniki ya uzazi, kila mimba inatupitisha kwenye kipimo. Mwanaume hana mlango wa namna hiyo, na ndiyo sababu kampeni ya kupima VVU ya Furaha Yangu ya mwaka 2018 iliwalenga hasa wao.

Mlango huo umetuokoa sisi na watoto wetu, lakini umetubebesha mzigo. Anayejua kwanza ndiye anayeonekana ameleta. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndoa nyingi nimeziona zikivunjika kwa kutokujua jambo hili dogo: kipimo hakionyeshi nani alianza. Hakionyeshi mwaka, hakionyeshi mtu. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka minane, kumi, hana hata upele. Mke akikutwa navyo leo, hakuna nesi wala daktari, hata awe bingwa, anayeweza kutazama kile kitepe cha kipimo akasema vimetoka wapi. Mume atakayesema "wewe ndiye uliyepimwa ukakutwa navyo, wewe ndiye umevileta" anasema neno ambalo kipimo hakikusema. Lishike hilo, utalihitaji.

Upimie wapi? Kwa hali yako ningependa uje mjini. Najua wapo watakaokuambia pima karibu, na kwa kawaida hata mimi ningesema hivyo. Ila kama kituo cha karibu kinakufanya usipime kabisa, basi ukaribu wake haukusaidii. Kama unaleta ndizi Mbuyuni kama wengi wa huko, siku hiyo Hospitali ya Mawenzi si mbali. Unafika mapokezi, unasema unataka kupima VVU, au kama ulimi ni mzito sema unataka ushauri nasaha, watakuelewa. Kupima ni bure. Hospitali ya KCMC wanapima pia, na ya Kibosho, na ya Kilema, na wa Rombo wana Hospitali ya Huruma. Kilema ni jirani kwako, na kwa sababu hiyohiyo unaweza ukakutana kwenye benchi na mtu wa VICOBA.

Hapa Moshi kuna wanawake walioliona tatizo hili zamani. KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro cha kupambana na UKIMWI, kilianza mwaka 1990, dawa ikiwa bado ni ndoto, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwafuata wagonjwa majumbani, kule ambako vikombe vilikuwa vinatundikwa nje. Baadaye wakaanza na kupima. Miaka ya mwanzoni ya 2000 walijaribu kuondoa ada kwa muda, na wateja wakapanda kutoka wanne hivi kwa siku hadi kumi na tano. Ada iliporudi wakashuka hadi saba. Ada yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini mama wa kijijini anaitoa fukoni kulekule iliko hela ya chumvi na ya daftari la mtoto, na lazima ajieleze imekwenda wapi. Tukisema wanawake hawataki kupima, tuwe tumekwisha kuhesabu nauli kwanza.

Chumbani kwenyewe ni hivi. Mtakuwa wawili, wewe na mshauri, mlango umefungwa. Atakuuliza maswali machache, hulazimiki kujibu yote. Atakuchoma ncha ya kidole, tone la kwanza atalifuta kwa pamba, la pili atalivuta na kulidondosha kwenye kijidirisha cha kitepe, kisha ataongeza matone ya dawa yake. Utaona damu inatambaa polepole kama chai inavyopanda kwenye mkate. Dakika kama kumi na tano hadi ishirini. Hizo ndizo ndefu. Nawaambia kina mama walete hata kitambaa cha kufuma, na wapo wanaoleta. Ukitokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kipimo kiko sawa, maambukizi hayajaonekana. Ikitokea miwili, hujaambiwa una VVU bado. Damu itapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine ndipo upewe jibu. Mtu asikupe jibu la kuwa unavyo kwa kipimo kimoja, ukiona hivyo dai cha pili, ni haki yako.

Kama hata Mawenzi unaona mbali, kuna kujipima mwenyewe. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2019 likaruhusu, na umri wa kupima kwa ridhaa yako mwenyewe ukashushwa hadi miaka 15. Unapewa kifaa chenye kijiti, unapitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini, unakitumbukiza kwenye kichupa chake na unasubiri dakika ishirini kwa saa ya simu, bila kukisia. Nusu saa kabla usile, usinywe, usipige mswaki. Kikionyesha mistari miwili, hilo si jibu la mwisho, njoo kituoni tuthibitishe. Na anayetumia ARV tayari asijipime nacho, kinaweza kumdanganya kikaonyesha hana. Mimi sina shida na kujipima, kumewafikia watu ambao nisingewaona maishani. Ombi langu ni moja: usijipime usiku, peke yako, nyumba imelala. Fanya asubuhi, siku ambayo ukitaka kuja kituoni gari lipo.

Kuhusu wifi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inasema kupima ni hiari na majibu ni siri, na mtoa huduma anayeyatangaza anavunja sheria. Ukinijibu kwamba sheria iko Dodoma na wifi yuko jikoni kwako, sitakubishia. Nimefanya kazi katika kituo kimoja ambacho siku ya CTC, kliniki ya wenye VVU, ilikuwa Jumanne, na benchi lake lilikuwa barazani kuelekea barabara ya sokoni. Hakuna nesi aliyefungua mdomo, lakini kijiji kizima kilijua. Ilituchukua zaidi ya mwaka kubishana hadi lile benchi likahamishiwa nyuma na wagonjwa wakachanganywa na wa kliniki nyingine. Siri inavuja kwa benchi, kwa rejista iliyoachwa wazi mezani, kwa mtu kuitwa jina kwa sauti. Kwa hiyo nenda mbali kwa kipimo, sawa. Ila wifi yako usimhukumu kabla. Nimewajua mawifi na mashemeji waliotunza siri za ndugu zao miaka mingi, wakawa ndio wanaoleta dawa nyumbani ndani ya mkoba. Na kama itafika kwenye dawa, nitakushawishi uchukulie karibu zaidi, kwa sababu mgonjwa wa kufuata dawa mbali ndiye anayekosa nauli mwezi wa shule kufunguliwa.

Swali lako la tatu ndilo zito, na hapo nina kosa langu la kukueleza. Mwaka 2009 nilimpima mama mmoja, tukamkuta na maambukizi. Kwa utaratibu tuliokuwa nao nikampa barua ya kumwita mume wake kituoni, nikaifunga vizuri kwenye bahasha, nikaona nimemaliza kazi. Aliporudi alikuwa peke yake, jicho limevimba, kitenge kimefungwa hadi usoni. Mume aliifungua barua mbele ya mama yake mzazi. Sikuwa nimemuuliza yule mama hata swali moja kuhusu nyumba yake. Tangu siku ile simpi mwanamke maneno ya kupeleka nyumbani kabla hajanieleza nyumbani kukoje: Amewahi kukupiga? Akinywa huwa vipi? Nani mwingine analala mle? Ukitoka usiku huo una pa kwenda? Nawe jiulize hayo sasa, kabla ya kipimo. Kama jibu lolote linakutisha, mwambie mshauri mwanzo kabisa, na ujue kuwa polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwako ni huu: pima peke yako kwanza, kabla hajaja Krismasi. Usimwombe ruhusa ya kujua hali ya mwili wako. Wapo washauri wanaosisitiza mume na mke wapime pamoja tangu mwanzo, na pale wanapokuja wenyewe kwa hiari ni jambo zuri mno, nimeona wakitoka wameshikana mikono. Lakini kumngojea mume wa Mererani aamke siku moja aseme twende ni kungoja sana.

Ukikutwa huna, kazi iliyobaki ni ya kumvuta yeye. Usianze na VVU. Mchimbaji wa Mererani ana jambo jingine analoliogopa na analizungumza na wenzake bila aibu, nalo ni kifua. Vumbi la mgodini linawapa ugonjwa wa mapafu, na kifua kikuu kimewatesa sana wana-Apolo, yaani wachimbaji wa kule, ndiyo maana wengi wao wanajulikana Hospitali ya Kibong'oto kule Siha. Mwambie, "Baba fulani, mwaka huu ukija twende wote tukapime afya, kifua chako, presha yangu, sukari, na VVU." Lisemwe lote pamoja, VVU ikiwemo, hapo usimfiche. Kwenye huduma za kifua kikuu kipimo cha VVU ni jambo la kawaida, halimtuhumu mtu. Na wewe unakwenda naye, unachomwa kidole mbele yake. Mwanaume anayekataa kushukiwa mara nyingi hakatai kuangaliwa kifua.

Na kama atakuja kabla hajapima? Kondomu kwa mke wa ndoa ni neno gumu, najua. Wengine husema ni kwa ajili ya uzazi wa mpango, sindano imewasumbua. Kama unaona hatari ni kubwa na kondomu haiwezekani, muulize mshauri habari za dawa kinga, kidonge anachomeza mtu asiye na VVU ili asiambukizwe. Na ikitokea tukio la wazi, umebakwa au kondomu imepasuka na unajua mwenzako anavyo, fika hospitali ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, utapewa dawa za siku 28.

Ukikutwa navyo, mdogo wangu, siku hiyo usimwambie mtu yeyote. Lia ukitaka, chumba chetu kimeona machozi. Utaanza dawa siku hiyohiyo au ndani ya siku chache ukiwa tayari. Baada ya miezi sita damu itapimwa wingi wa virusi. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Naliandika hili wazi kwa sababu hata wanaomeza dawa miaka mingi wengine hawajaambiwa. Na akitaka kuzaa anazaa: bila dawa, mtoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, na kwa dawa hushuka chini ya 5.

Mume lazima atajua. Sheria ile ya 2008 inamtaka aliyekutwa na VVU amjulishe mwenzi wake, na hata bila sheria, ana haki ya kuokoa maisha yake. Lakini kujua kuna namna. Unaweza kuja naye, nikamwambia mimi mbele yako, na neno la kwanza nitakalomwambia ni lile la juu: kipimo hakionyeshi nani alianza. Wanaume wengi wakilisikia kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe, hasira inakosa pa kukaa. Baadhi wananyamaza sana, kisha wanasema, "Na mimi nipime." Wapo wanaoondoka pia, siwezi kukuficha. Kina mama walioachwa hivyo nimewaona wakibaki na watoto wao na kihamba chao, lile shamba la nyumbani, wakanawiri, na Konga, kikundi cha wanaoishi na VVU, wakaipata kuwa ukoo wa pili.

Jambo dogo kuhusu dawa, kama itakuwa hivyo, maana ndilo linalowaumbua wengi: lile kopo linapigapiga kama kayamba ukitembea nalo. Mama mmoja alinionyesha mwenyewe, anajaza pamba juu ya vidonge, kopo halitoi sauti ndani ya daladala wala kwenye kapu la ndizi. Ukiwa imara kwenye dawa unapewa za miezi mitatu, hata sita, husumbuki kila mwezi.

Hayo ya mbele tutayaona yakija. Wiki ijayo ukishusha ndizi Mbuyuni, mwachie mwenzako mikungu akuuzie, si lazima umwambie unakwenda wapi. Jitahidi ufike Mawenzi kabla ya saa tatu asubuhi, foleni inakuwa fupi, na kapu lako ingia nalo hadi ndani.